Kina Asha, Simameni
(Mazungumzo na wazazi na walimu, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wazazi, vijana, nawasalimu. Kabla sijasema neno, kina Asha wote waliomo humu naomba wasimame. Usione haya mama, simama. Mmoja, wawili, watatu, na yule kule nyuma wa nne. Huyu ni muuguzi. Yule anabangua korosho. Huyu anauza pweza pale Feri, sote tumekula pweza wake. Na huyu binti yuko kidato cha kwanza. Hawa ni somo. Kaeni, ahsanteni.

Wanaonijua wameshajua ninakoelekea. Nimelisema hili kwenye vikao vya shule, nimelisema harusini, hata msibani nimelisema, na sitaacha. Kiswahili kimelibebesha neno "somo" mizigo mitatu. Somo yako ni mwenye jina kama lako. Somo ni kile kinachofundishwa darasani. Na somo ni yule mwanamke anayemfunda mwari. Kwangu mimi mizigo hiyo ni mmoja: mwenye jina lako ana la kukufundisha. Lakini sisi tunampa mtoto jina, tunamtajia marehemu aliyemrithi, basi, tumemaliza.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha Mikindani. Binti mmoja wa kidato cha pili alinijia wakati wa kujaza fomu za mtihani. Anaitwa Asha, jina la bibi yake mzaa mama. Akaniambia, "Mwalimu, naomba uniandike Ashley." Nikamwuliza kulikoni. Akasema Asha ni jina la wauza vitumbua, hajawahi kumkuta Asha wa maana kitabuni. Sikumgombeza. Iliniuma, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Katika vitabu tulivyomsomesha tangu darasa la kwanza, Juma anacheza mpira na Asha anafagia uwanja. Miaka yote Asha anafagia uwanja! Na mimi ndiye niliyekuwa nawasomea kwa sauti.

Nikamwambia, niletee kina Asha watatu, kila mmoja na fani yake, halafu fomu utaijaza utakavyo.

Wa kwanza hakumsumbua. Asha-Rose Migiro, mwanasheria, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hii, kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Unajua kilichomshangaza binti? Si New York. Ni kwamba mama huyu alizaliwa Songea. Songea! Ukipanda basi hapa stendi unafika.

Wa pili alimpata jikoni. Bibi yake, Asha mwenyewe, alikuwa akiimba nyimbo za filamu za Kihindi huku anakuna nazi, maneno hayajui maana. Binti akaulizia mwimbaji ni nani. Katika hizo nyimbo zimo za Asha Bhosle, aliyezaliwa mwaka 1933, sauti iliyoazimwa na waigizaji wa kike wa vizazi na vizazi: yeye anaimba, mwigizaji kwenye filamu anafungua mdomo tu. Mwaka 2011 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilimtambua kwa wingi wa nyimbo alizorekodi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana huwa napapenda. Asha wa Kihindi si Asha wetu. Jina lake ni la Kisanskriti, maana yake tumaini. La kwetu limetokana na Aisha wa Kiarabu, na ndani yake mna uhai. Majina mawili, kila moja na mama yake, yamekuja kufanana katika bahari hii moja.

Wa tatu alimchukua wiki mbili, na huyu ndiye aliyemaliza kazi. Asha de Vos, wa Sri Lanka, mtafiti wa nyangumi. Mwaka 2003, akiwa melini karibu na kwao, aliona nyangumi wa buluu wamekusanyika, na juu ya maji kinaelea kinyesi chekundu. Wengine wangegeuza uso. Yeye akaelewa: hawa wanakula hapa hapa, na rangi ile ni ya uduvi. Wakati huo wataalamu walikuwa wakisema nyangumi hawa wakubwa huenda maji ya baridi kujilisha. Kumbe hawa wa Sri Lanka hawaendi huko, hubaki kwenye joto. Binti alimsimulia baba yake, mvuvi, na baba akamwambia, "Ndivyo tunavyofanya sisi. Samaki namjua kwa ndege na kwa kinachoelea." Siku hiyo yule mtoto aligundua kwamba elimu ya somo yake na elimu ya baba yake ni ndugu. Hilo mimi nisingeweza kumfundisha kwa chaki.

Fomu aliijaza mwenyewe. Aliandika Asha.

Najua kuna mzee atasema jina halimlishi mtu. Kweli, mzee wangu. Migiro hakupewa shahada ya udaktari kwa kuitwa Asha. Ninachosema ni kwamba mtoto huthubutu kwenda mahali ambapo jina lake limeshatangulia. Mwingine atasema, mbona sisi huku tunabadili majina, mtu anaingia jandoni na jina hili anatoka na lile? Ndiyo, na ole wako umwite tena lile la utotoni! Lakini jina la jandoni mtu hutoka nalo mbele ya watu wake, kwa ngoma. Ashley ilikuwa itoke kwenye fomu, kwa aibu. Hayo si mamoja.

Naona mwenyekiti ananyoosha mkono. Kina Benjamin basi, haraka. Watoto wetu wa kiume Masasi wote wanamjua Mkapa wa Lupaso, na wakiitwa Benjamin wanaambiwa watakuwa marais. Waambieni pia kwamba kabla ya urais wa 1995 alikuwa mhariri wa magazeti. Waambieni Benjamin Franklin wa Philadelphia naye alikuwa mtu wa magazeti, na ndiye aliyebuni kinga ya radi. Mtoto wa Masasi asimjue mtu wa kinga ya radi, na mvua za huko tunazijua?

Kina Hadija na kina Saidi nilikuwa nao hapa kwenye karatasi, nitawafikia siku nyingine. Walimu wa kidato cha pili, fomu zinakaribia, jaribuni hilo zoezi la watatu.

Na kina Asha wangu wanne, tafadhali msiondoke. Huyu wa kidato cha kwanza aliponipita kwenda kukaa ameniuliza kama anaweza kuzungumza na yule muuguzi.