Soli Iliyobaki Ngazini

RUKIA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, na karibuni tena kwenye kipindi chetu. Wiki iliyopita tuliahidi kwamba leo tungewapa mambo matano ya kuangalia kabla hujatoa fedha yako kununua buti, na shemeji yangu ameyaandika kwenye karatasi ambayo naiona hapa mezani, imekunjwa mara nne kama hirizi. Lakini kabla karatasi hiyo haijakunjuliwa, Shemeji Makame, nataka uwaeleze mwenyewe yaliyokukuta Wete, kule Pemba, kwa sababu mimi nikieleza utasema nimetia chumvi.

MAKAME: Waalaykumu ssalamu. Nitaeleza kwa ufupi, maana sioni fahari ndani yake. Buti zangu zile nyeusi zenye matundu kumi ya kamba, ambazo wasikilizaji wa zamani wamenisikia nikizisifu hadi wakachoka, nilizinunua miaka sita iliyopita, nikazivaa mara mbili, kisha nikazirudisha ndani ya sanduku lake juu ya kabati, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu. Dada yako kila mwaka alikuwa akiniuliza nazihifadhi kwa ajili ya nani. Wiki hii nikasema, harusi ya mdogo wetu ndiyo siku yake. Nikapakia pikipiki kwenye meli, nikashuka Mkoani, nikashika njia ya Chake.

RUKIA: Usiiruke meli. Anza na meli.

MAKAME: Haya. Melini niliona chembe nyeusi sakafuni pale nilipokaa, nikadhani kuna mtu amebeba gunia la mkaa limetoboka. Nikahamia kiti kingine, na chembe zikanifuata.

RUKIA: (Anacheka.) Mkaa wenye miguu.

MAKAME: Njiani, kila nilipokanyaga breki ya nyuma, nilihisi mguu unazama kidogo, kama mtu anayetembea kwenye mchanga maji yakianza kujaa. Nikasema ni ugeni wa buti. Nilipofika Wete, mlangoni kwenu, nikakaa kwenye ngazi, nikafungua kamba, nikavuta mguu wa kulia. Mguu ukatoka na ngozi ya buti, soli ikabaki ngazini nzima, imeelekea mlangoni kama na yenyewe imealikwa. Nilipoinyanyua ikameguka mkononi vipande vipande.

RUKIA: Nami nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia watoto wanagombana nje kwamba kashata za harusi zimeshaanza kugawiwa. Mmoja alikuwa amezikusanya kwenye kikombe.

MAKAME: Hakuonja, alhamdulillahi.

RUKIA: Hatuna hakika. Sasa tueleze, maana hapa ndipo watu wengi watakapojiona. Kitu kimekaa sandukuni, hakikupigwa jua, hakikunyeshewa, hakikukanyaga hata jiwe. Kimeoza kwa nini?

MAKAME: Kwa sababu soli ile haikuwa mpira. Ni plastiki yenye mapovu inayoitwa poliurethani, na viwanda vinaipenda kwa kuwa ni nyepesi, inabonyea vizuri chini ya kisigino, na humiminwa ndani ya kalibu ikashikana na ngozi ya juu papo hapo bila sindano kupita. Lakini aina nyingi za poliurethani zina adui mmoja, naye ni mvuke wa maji. Unyevu unaingia ndani yake taratibu na kukata viungo vya kemikali vinavyoishikilia, na joto linaharakisha kazi hiyo. Haihitaji mvua, inahitaji hewa tu, na hewa yetu ya visiwani unaijua. Vile vifuko nilivyovitegemea vikishashiba unyevu havinyonyi tena, kwa hiyo kwa miaka mitano kati ya sita pengine vilikuwa mapambo.

RUKIA: Kumbe kabati ndilo lililoziua.

MAKAME: Kabati halikuziua, ila halikuziokoa. Mpira wa kweli, ule uliopikwa na salfa, hauharibiki namna hiyo. Ndiyo maana mtu anayependa buti huuliza kwanza habari za soli, kisha ndiyo atupe macho yake kwenye ngozi.

RUKIA: Hayo yamo kwenye karatasi?

MAKAME: Yamo, namba tatu.

RUKIA: Basi usiyamalize. Waeleze kuhusu fundi.

MAKAME: Kwa fundi nilipelekwa kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama na makubazi ya kuazima, buti mbili mkononi hazina chini, na kaka yako akaniambia pale sokoni yupo mzee anayeshona chochote chenye mguu. Mzee akazigeuza, akazinusa, akasema ngozi ni nzuri, ni hasara kuitupa. Akaweka buti juu ya kipande cha tairi la gari, akazungushia chaki, akaanza kukata. Nilichokipenda, na hili nalisema kwa haki yake, ni kwamba kila baada ya mkato mmoja alichovya kisu kwenye kopo la maji, kwa sababu kisu kikavu kinang'ang'ania kwenye mpira na chenye maji kinateleza. Alichagua tairi lenye nyuzi ndani, akakataa lenye waya. Kisha akazungusha ukanda mwembamba wa ngozi pembezoni, akaushona na ngozi ya juu kwa msharasi na uzi aliousugua nta, na soli ya tairi akaishona kwenye ukanda ule. Alimaliza kabla ya Alasiri, kwa shilingi elfu kumi na tano.

RUKIA: Kwa ufupi, shemeji yangu alikwenda Pemba na buti za Ulaya, akarudi na katambuga.

MAKAME: Nilijua utalisema.

RUKIA: Marehemu babu yetu alikuwa na katambuga jozi moja, akienda nazo shamba la mikarafuu na kurudi, msimu hadi msimu. Hakuwahi kuziweka kabatini. Zilikaa nje mlangoni, na hakuna mwizi aliyezitamani. Lakini nataka kuuliza jambo, kwa sababu umeniambia kwenye simu kwamba kile alichokifanya mzee kina jina kubwa huko nje.

MAKAME: Kina jina. Kushona ngozi ya juu kwenye ukanda, na soli kwenye ukanda huohuo, ndiyo namna buti bora zinavyotengenezwa, kwa kuwa soli ikilika unafumua mshono wa chini peke yake, ngozi ya juu haiguswi. Zamani ilikuwa kazi ya mkono mtupu. Katika karne ya 19 ikapatikana mashine ya kuifanya, na jina lililobaki kwenye mshono huo ni la Charles Goodyear mtoto.

RUKIA: Goodyear wa matairi!

MAKAME: Si wa matairi. Baba yake, Charles Goodyear mkubwa, ndiye aliyegundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Alifariki mwaka 1860. Kampuni ya matairi ilianzishwa mwaka 1898, ikachukua jina kwa heshima yake, na ukoo ule haukuhusika.

RUKIA: Lakini jina liko kwenye tairi na liko kwenye buti.

MAKAME: Liko.

RUKIA: Basi katambuga. Endelea na yule Mtaliano wa soli.

MAKAME: Sikutaka kumtaja leo.

RUKIA: Mtaje.

MAKAME: Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa mlimani katika safari aliyoiongoza, na viatu vyao havikufaa kwa hali ya hewa iliyowakuta. Akatafuta soli ya mpira yenye meno makubwa, itakayoshika mwamba na theluji, na mwaka 1937 ikatoka. Ndiyo Vibram, herufi za mwanzo za majina yake mawili. Soli hizo ndizo walizovaa Wataliano waliofikia kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, kwa mara ya kwanza mwaka 1954.

RUKIA: Na fedha ya kuitengeneza alipewa na nani?

MAKAME: (Kimya.) Alisaidiwa na Pirelli.

RUKIA: Wanaotengeneza?

MAKAME: Matairi.

RUKIA: Wasikilizaji, mmesikia wenyewe. K2 imepandwa kwa katambuga.

MAKAME: Shemeji, kuna tofauti kubwa kati ya soli iliyobuniwa na kiwanda cha matairi na soli iliyokatwa kwenye tairi lililokwisha tembea barabara zote za Pemba.

RUKIA: Tofauti ni kwamba la Pemba limeshajaribiwa.

MAKAME: Unaniharibia kipindi. Nilitaka pia tuzungumze kidogo kuhusu nguo, maana kuna watu wameuliza kuhusu koti langu la pamba iliyotiwa nta.

RUKIA: Koti lile lilizaliwa kwa ajili ya baridi na mvua za Uingereza. Hapa ukiliacha juani linanata kama halua. Tumemaliza habari za nguo. Turudi kwenye katambuga, kwa sababu umesema jana jambo lililoniudhi, na sitaki kulificha mbele ya watu.

MAKAME: Nilisema kwamba nitazivua zile soli za tairi, kisha nitaagiza soli za mpira za kiwandani na kumpa fundi wa mjini azishone. Sioni linaloudhi.

RUKIA: Linaloudhi ni kwamba buti zimefika. Zimetoka Wete hadi Mkoani, zimepanda meli, zimeshuka Malindi ya Unguja, hazikudondosha hata chembe moja. Kiwanda kilikuacha ngazini mbele ya wakwe, mzee akakusimamisha, nawe unataka kuifumua kazi yake ili ufanane na picha.

MAKAME: Sifanani na picha. Naendesha pikipiki. Soli ya mzee ina unene wa kidole gumba, na ncha ya buti haipiti tena chini ya kikanyagio cha gia. Kupandisha gia namba tatu inanibidi niuinue mguu mzima na kuutafuta. Siku moja nitautafuta mbele ya gari ya shamba. Buti ni kipimo: inakunjika mahali fulani, ina uzito fulani, na mtu aliyeichora alijua kwa nini.

RUKIA: Aliyeichora ndiye aliyechagua plastiki yenye mapovu.

MAKAME: Alikosea katika kuchagua soli. Kwenye kipimo hakukosea.

RUKIA: Nimekua kwenye karakana ya baba, usinieleze habari za gia. Pikipiki yako ni Honda CG125, na kikanyagio chake kimekaa kwenye fimbo yenye meno. Chukua spana namba 10, toa bolti, kichomoe, kizungushe juu jino moja, kirudishe, kaza. Ni kazi ya dakika tano. Honda walipoitoa pikipiki hiyo mwaka 1976, walikuwa wakiwafikiria watu wanaokaa mbali na karakana kubwa. Wewe mwenyewe unaisifia kwa hilo kila wiki.

MAKAME: Naisifia. Lakini nikipandisha jino moja kwa ajili ya buti, siku nikivaa makubazi kitakuwa juu mno.

RUKIA: Makubazi? Wewe uliyetumia kipindi kizima kuwasema vijana wa bodaboda kwa sababu ya kandambili?

MAKAME: Nikienda msikitini hapo karibu tu.

RUKIA: Na barabara ya msikitini haina lami? Haiangushi?

MAKAME: Hilo ni jambo jingine, na nalikubali kwamba ni kosa, lakini halifanyi soli ya tairi kuwa soli ya pikipiki. Nikuulize na mimi. Kioo cha taa cha Vespa yako kilipovunjika, ulipewa cha bandia siku ileile, kinatoa mwanga uleule, ukakikataa. Ulingoja cha Kitaliano miezi minne, ukawa huendi popote baada ya Magharibi. Kwa nini?

RUKIA: Kwa sababu kile cha bandia kilikuwa kibaya kutazama.

MAKAME: Ahsante.

RUKIA: Si sawasawa. Sikuvunja kazi ya mtu. Nilikikataa kabla hakijafungwa. Wewe ulikubali, ukamlipa mzee, ukamwombea dua mbele ya kaka yangu, sasa unakwenda kuifumua kwa siri mjini.

MAKAME: Kama ni siri nisingeisema kwenye kipindi. Na heshima kwa fundi haina maana kwamba kazi yake ya dharura igeuke kuwa ya milele. Yeye mwenyewe ukimuuliza angekwambia ametumia alichokuwa nacho.

RUKIA: Tumuulize basi.

MAKAME: Tusimsumbue mzee.

RUKIA: Unaogopa jibu.

MAKAME: Siogopi. Nitazifumua, shemeji.

RUKIA: Nami nikiziona na soli mpya nitamwambia kaka. Tumeishia wapi kwenye karatasi?

MAKAME: Hatujaifungua.

RUKIA: Ifungue, tuna dakika chache.

MAKAME: Jambo la kwanza: pinda buti, tazama mshono kwenye ukingo wa soli, kisha uufuate hadi chini au hadi ndani, kwa sababu baadhi ya viwanda huchora mshono kwenye plastiki ile ile, ukaonekana umeshonwa na kumbe kilichoishika soli ni gundi. Ukipitisha ukucha kwenye uzi wa kweli unauhisi umeingia na kutoka, kila tundu lina kina chake. Uzi wa kuchora ukucha unapita juu yake kama...

RUKIA: Adhana hiyo.

MAKAME: Bado mambo manne.

RUKIA: Yatangoja, yamekunjwa vizuri. Lakini kabla hatujazima, wasikilizaji hawaoni, mimi naona. Umevaa nini miguuni leo?

MAKAME: Nje kunanyesha. Makubazi na mvua hayapatani. Hilo si ushahidi wa chochote.

RUKIA: Umekuja nazo kwa pikipiki?

MAKAME: Nimekuja kwa gia namba mbili. Ngoja nifunge kamba.

RUKIA: Matundu kumi kila mguu, kisha ukazifungue tena mlangoni mwa msikiti. Utaikuta rakaa ya pili, shemeji.