Nostalgia: Neno Lililozaliwa Wodini

Naanza na lile lile mlilokwisha kulisikia kwangu, na nitalirudia mpaka watu wakome kusema kinyume: nostalgia, hiyo hamu ya kwenu au ya siku zilizopita, si neno la Wagiriki wa kale. Nionyesheni mstari mmoja wa Homer, mshairi wao mkuu, wenye neno hilo, nishuke jukwaani sasa hivi. Mtasema Odysseus, shujaa wake, alikaa ufukweni kwa mungu wa kike Calypso akikililia kisiwa cha kwao, Ithaca. Alilia, sikatai. Neno hakuwa nalo.

Lilitungwa mwaka 1688 mjini Basel, Uswisi, na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 19. Wenyeji walikuwa na jina lao la Kijerumani, Heimweh. Yeye akataka la kisomi, akaunga maneno mawili ya Kigiriki: nostos, kurejea nyumbani, na algos, maumivu. Ndiyo, maumivu! Kijana alikuwa akiandika tasnifu ya tiba. Anamtaja binti mmoja wa shamba aliyeanguka akalazwa hospitali. Chakula hataki, dawa hataki, kila akiulizwa jibu ni lile lile: nataka kwetu. Wazazi wakamchukua hivyo hivyo, hajiwezi. Hazikupita siku nyingi akapona, wala dawa hakunywa. Sasa wewe unayesema nostalgia ni raha ya kusikiliza nyimbo za zamani, nenda kamweleze binti huyo.

Waliofuata walizidi. Scheuchzer wa Zurich aliilaumu hewa: Mswisi kazoea milima, akishuka tambarare hewa nzito inambana, damu haitembei. Tiba? Apandishwe mnarani! Msicheke, huyu alikuwa mwanasayansi wa kuheshimika. Mwanafalsafa Rousseau naye aliandika mwaka 1768 kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe ulipigwa marufuku mbele ya askari wa Kiswisi, adhabu kifo, maana waliousikia walilia, wakatoroka, wengine wakafa.

Sasa neno lilivyoingia Kiingereza, haraka haraka. Mwaka 1770 Joseph Banks, mtaalamu wa mimea, akiwa katika meli ya mvumbuzi Mwingereza Cook, aliandika kuwa mabaharia wamezidiwa na hamu ya kwao, ambayo madaktari wanaiita nostalgia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandikisha wagonjwa wa nostalgia zaidi ya 5,000.

Jinsi neno lilivyohama kutoka hamu ya mahali likawa hamu ya wakati uliopita ni mhadhara mwingine, na mwenyekiti ananionyesha saa. Ila msomeni Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, 1798: hao wagonjwa wakifika kwao hupigwa butwaa, wakapona papo hapo, kwa sababu walichokifuata ni ujana wao, nao haupo. Haya, maswali.