Samsung za Korea Hazina Bei ya Kiwandani: Simu, Laini na Maisha ya Huku

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hakuna maua ya cheri wala matembezi ya mto Han, nimekaa tu chumbani naongea. Chini ya kila video, hata ile ya kukata kabichi za kimchi, swali ni lile lile: "Dada, Samsung si zinatengenezwa hapo hapo? Nitumie moja basi kwa bei ya kiwandani." Nikijibu kwamba hiyo bei haipo, naambiwa nina roho mbaya, nimeshakuwa Mkorea. Nikisema kusajili laini huku kuna usumbufu wake, naambiwa rudi nyumbani kama hupapendi. Sasa leo najibu kwa kirefu, atakayeuliza tena nitamtumia hii video. Sijisifu na silalamiki. Kulalamika labda kidogo.

Tuanze na hizo Samsung. Galaxy nyingi hazitengenezwi Korea. Viwanda vikubwa viko Vietnam, Bac Ninh na Thai Nguyen, na kingine kiko Noida, India. Hapa kuna kiwanda cha Gumi, lakini kinatoa sehemu ndogo tu. Galaxy S25 ya GB 256 ilipotoka mwaka 2025 bei yake hapa ilikuwa won 1,155,000, na Ultra won 1,698,400, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10 ikiwa ndani. Won milioni moja na laki moja na nusu ni kama dola 800. Mtu wa Kariakoo apige hesabu mwenyewe, halafu aongeze nauli ya mzigo na forodha.

Zile "simu za bure" mnazoziona kwenye mabango ya Seoul ni za mkataba. Kampuni za mtandao ni tatu, SK Telecom (SKT), KT na LG U+. Wanakupunguzia bei ya simu, wewe unajifunga na kifurushi cha bei ya juu, kwa kawaida miezi 24. Usipotaka punguzo la simu, unachukua punguzo la asilimia 25 kwenye bili ya kila mwezi. Ukivunja mkataba katikati, kuna faini wanaiita wiyakgeum. Sheria iliyokuwa inabana ruzuku za simu ilianza Oktoba 2014 na ikafutwa Julai 22, 2025, kwa hiyo duka hili na la jirani yake wanaweza kukupa bei mbili tofauti kwa simu hiyo hiyo. Na mgeni ambaye viza yake imebaki miezi 10 mara nyingi hakopeshwi simu kwa miezi 24. Hapo ndugu zangu wa "nichukulie kwa mkopo" tumemalizana.

Inabaki mitumba. Wakorea wanauziana kwenye programu ya Danggeun, mtaa kwa mtaa. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji abonyeze *#06#, chukua IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iangalie kwenye tovuti ya imei.kr kama simu imeripotiwa kuibiwa au kupotea. Halafu fungua mipangilio, soma namba ya modeli. Ikiishia na herufi N, hiyo ni ya soko la Korea, na hapa ndipo wengi wanalia. Galaxy S22 na za nyuma yake, toleo la Korea, lina nafasi ya laini moja. Moja tu! Nyumbani mtu ana laini ya bando na laini ya pesa, anapokea simu kutoka Korea, anavuta kile kitrei, anakuta tundu moja, anadhani nimempa feki. Kuanzia S23 kuna laini moja ya plastiki pamoja na eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyohitaji chipu, ambayo huku ilianza Septemba 2022. Jambo la pili, kamera inalia. Ukipiga picha lazima itoe mlio, hata simu ikiwa kimya. Ni kanuni ya tasnia ya simu ya tangu 2004, ya kuzuia watu kupigwa picha kwa siri. Usinipigie kuniambia simu ni mbovu.

Sasa nije kwenye laini yenyewe, kwa sababu anayekuja kusoma au kufanya kazi ndiye nataka anisikilize vizuri. Nyumbani tumezoea NIDA na alama za vidole, ukishasajiliwa basi. Huku namba ya simu, ile inayoanza na 010, ndiyo kitambulisho chako cha kila siku. Kuagiza chakula, kununua tiketi mtandaoni, kufungua programu ya benki, kote unaambiwa thibitisha kwamba wewe ni wewe, na uthibitisho unapita kwenye simu. Wanaita bonin injeung. Laini uliyonunua uwanja wa ndege wa Incheon kwa pasipoti inapiga simu na ina intaneti, lakini kwa uthibitisho huo haifai kitu. Inatakiwa laini iliyosajiliwa kwa kadi ya ukaazi. Kadi unaomba uhamiaji ndani ya siku 90 tangu uingie, miadi unaweka kwenye tovuti ya HiKorea, na kuisubiri kunaweza kula wiki kadhaa. Katikati hapo benki inakuuliza namba ya simu, duka la simu linakuuliza akaunti ya benki, na wote wawili wanakuuliza kadi. Kwa hiyo kadi kwanza, benki na laini baadaye. Laini ya pasipoti usiitupe. Kadi ikitoka rudi nayo kwenye duka la kampuni hiyo, waambie wabadilishe usajili kutoka pasipoti kwenda kadi, kama kampuni yako inaruhusu.

Ugonjwa mkubwa ni jina. Tuchukulie mtu anaitwa Asha Juma Mwinyi. Kwenye kadi ataandikwa MWINYI ASHA JUMA, ukoo mbele. Mhudumu wa duka la simu anaandika ASHA JUMA MWINYI. Benki nao wanayaunganisha, MWINYIASHAJUMA, au mfumo wao unakata herufi za mwisho kwa sababu majina ya Kikorea mengi ni silabi tatu tu na sisi tunakuja na treni nzima. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Ukijaribu kuthibitisha, inakujibu taarifa hazilingani, haikuambii ni ipi. Kwa hiyo siku ya kusajili usisaini kabla hujaona kioo cha kompyuta ya mhudumu. Mwonyeshe kadi, mwambie aandike herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, kama ilivyo pale. Piga picha ya fomu. Benki fanya vile vile. Kama limeshaharibika, anza kulisahihisha dukani na benki, kadi iwe ndiyo kipimo.

Na kwenye ule ukurasa wa uthibitisho kuna mitego miwili ambayo haina uhusiano na jina. Kuna kitufe cha raia na kitufe cha mgeni, na cha raia ndicho huwa kimeshachaguliwa, kibadilishe kwanza. Halafu unachagua mtandao. Kama laini yako ni ya bei nafuu, zile zinaitwa altteulpon, kampuni ndogo zinazokodi minara ya hao wakubwa watatu, usibonyeze SKT au KT ya kawaida. Shuka chini utaona SKT altteulpon, KT altteulpon, LG U+ altteulpon. Unatakiwa kujua laini yako inapanda mnara wa nani. Watu wanahangaika mwezi mzima, kumbe jina liko sawa, wanabonyeza mtandao usio wao. Ukishapatia, unaletewa tarakimu sita kwa meseji, una dakika tatu.

Kwa upande wa hela, kifurushi kikubwa cha 5G kwa kampuni tatu ni kama won 60,000 mpaka 90,000 kwa mwezi. Altteulpon unapata cha won 10,000 mpaka 30,000 na simu za ndani bila kikomo, na chipu ya laini kwa kampuni kubwa ni won 7,700. Mimi naona mwanafunzi hana sababu ya kumlipa mkubwa, lakini huo ni mfuko wangu, wa kwako unaujua wewe. Ubaya wa altteulpon ni kwamba wengi hawana maduka, na kujisajili mtandaoni kunataka uthibitisho ambao ndio kwanza unautafuta. Na usisahau hili: ukiongezewa viza, peleka kadi kwa kampuni ya simu wasahihishe tarehe. Kwao wewe unaisha siku viza ya zamani inaisha, na laini inafungwa.

Akaunti ya benki nayo, ukiwa mpya, inakuja na kikomo. Tangu Mei 2024 ni won milioni moja kwa siku kwa simu au ATM, milioni tatu kaunta. Kabla ya hapo ilikuwa laki tatu na milioni moja. Kukiondoa unapeleka ushahidi wa mshahara au barua ya kazi. Kwa hiyo mkiniambia "tuma tu, una programu", mjue kuna siku programu yenyewe inakataa.

Wakorea wenyewe na simu zao? WhatsApp hawana habari nayo, ni KakaoTalk tu. Pembeni ya meseji yako kuna kinamba kidogo cha njano. Mkiwa wawili ni 1, akisoma kinapotea. Kwenye kundi la kazini la watu ishirini kinaanza 19 na kinashuka, na bosi anakiangalia. Kubipu sahauni kabisa. Vifurushi vingi vina simu bila kikomo, kwa hiyo namba ngeni ikilia mara moja na kukata, Mkorea anawaza matapeli wa simu, na simu ya kutoka nje inamtokea na onyo kwamba ni ya kimataifa. Ndiyo maana ukimpigia profesa kutoka Dodoma hapokei. Mwandikie barua pepe.

Ndani ya treni gari zima limeinama kwenye vioo na huwezi kusikia sauti. Anayepokea simu anaziba mdomo kwa kiganja, ananong'ona, anakata. Mkahawani mtu anaacha simu ya milioni mezani kushika nafasi, anakwenda kuagiza kwenye mashine. Simu haiguswi. Baiskeli ndiyo ufunge, hizo zinaibiwa. Na usiruke simu zote zikilia kwa pamoja: ni tahadhari ya joto au mvua, au mzee amepotea, wanataja urefu, uzito na rangi ya koti. Ramani tumia Naver Map au KakaoMap. Google iliomba kutoa data za kina za ramani nje ya nchi mwaka 2007 na 2016, ikakataliwa zote mbili kwa sababu za usalama.

Na wanaoniuliza "kazi ya kiwanda cha Samsung": mpango wa serikali wa kuleta vibarua wa viwandani umesaini na nchi za Asia, hakuna hata moja ya Afrika. Dalali anayekuuzia hiyo nafasi anakula hela yako.

Mwisho, laini ya nyumbani. Washa huduma ya kuzurura (roaming), ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi, kabla hujapanda ndege, na itumie mara kwa mara, maana isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, pamoja na meseji za benki yako. Siku ya kuondoka Korea fanya kinyume: funga mikataba, hamisha salio, maliza benki, na laini ya 010 iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu kila mlango mwingine utakuomba zile tarakimu sita. Huku sasa hivi ni saa tisa usiku, kwenu saa tatu. Nalala.