Kadi ya Mwaliko

Sasa twende kwa Lafayette, na wale mlionisikia nikimtaja huko nyuma mnivumilie.

Agosti 1824 jenerali huyu wa Kifaransa anatua New York akiwa na umri wa miaka 66, zaidi ya miaka arobaini tangu awapiganie Wamarekani vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza. Mizinga, bendera, boti za moshi zimempokea majini. Hayo nayaruka. Kila bandari inajua kupokea mkubwa. Hapa Mwanza mgeni akitarajiwa saa nane mchana, ngoma ya Bugobogobo tumeipanga juani tangu saa mbili asubuhi!

Mimi nataka Richmond, Virginia, mwaka uleule. Watu wamejaa barabarani. Lafayette anamwona mtu mweusi katikati ya umati, anamwita kwa jina, anamkumbatia mbele ya wakubwa wote. Ni James. Mwaka 1781 James alikuwa mtumwa, akaingia kambini kwa Cornwallis, jenerali wa Waingereza, kama mhudumu tu. Si mnajua, anayekupakulia chakula humwoni? Wao wanapanga vita mezani, yeye anasikiliza, habari zinamfikia Lafayette. Tena Waingereza wakamwamini, wakamtuma yeye huyohuyo awapelelezee!

Vita vikaisha. Virginia mwaka 1783 ikapitisha sheria ya kuwapa uhuru watumwa waliopigana kama askari. James je? Jasusi si askari, bwana. Akabaki mtumwa. Mtu aliyesaidia kuikomboa nchi! Lafayette alimwandikia cheti cha ushuhuda mwaka 1784, na uhuru wenyewe ukaja 1787. Akajiita James Lafayette.

Najua kuna anayenung'unika hapo: mzee, sisi wa Kirumba ya Virginia yanatuhusu nini? Yanakuhusu. Vita ya Kagera, sisi na Uganda ya Idi Amin, 1978 na 1979. Jenerali Musuguri, kamanda wetu kwenye vita hiyo, tunamjua, alifariki 2024, sifa zake ni halali yake na sitaki mtu atoke hapa akisema nimezipunguza. Ninachouliza ni hiki: malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba wanajeshi. Yalijiendesha? Madereva wale meza kuu ya nani imewahi kuwaita?

Nimeyaona kwenye shughuli zetu. Mzee amevaa koti la suti, kola imepauka, vifungo vyote amefunga na jua lile. Kijana wa itifaki, aliyezaliwa vita imeshaisha miaka ishirini, anamwuliza kadi ya mwaliko. Mzee anajipapasa mifukoni kana kwamba anayo! Halafu anasogea pembeni kistaarabu, anasimama nje ya turubai.

Mtasema viti havitoshi. Mbona vya wapambe wa mgeni hutosha?

Hilo lilikuwa la kwanza kati ya matatu niliyopanga kuyasema. La pili lilikuwa kuhusu kumbukumbu za bandari, la tatu pensheni. MC ananionyesha saa, basi nayaacha. Maswali. Kijana wa nyuma pale, uliza, ila usiniulize Lafayette aliondoka lini: Septemba 1825, kwa meli ya Brandywine. Haya.