Unene wa Rangi, Chembe ya Vumbi: Kuunda Datsun 240Z ya Safari ya 1971 kwa Kipimo cha 1/24

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mafundi wa modeli, karibuni.

Gari tunalolizungumzia leo wengi wenu mnalijua hata kama hamjawahi kuliona kwa macho: Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, iliyoshinda mbio za rali za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Usukani ulikuwa wa Edgar Herrmann, na navigeta wake, yaani msoma njia, alikuwa Hans Schüller. Mbio zenyewe zilikimbiwa msimu wa Pasaka, wakati wa masika, kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanzania. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya vipande vya gari hilo kwa kipimo cha 1/24, na hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Nataka tuanze na hesabu, maana kazi yote inasimama hapo. Gari halisi lina umbali wa milimita 2,305 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gawanya kwa 24, unapata milimita 96. Hilo kila mtu analifanya. Wachache wanaofanya hesabu hiyo hiyo upande wa unene. Bodi ya plastiki ina unene wa milimita moja hivi, na zidisha hiyo kwa 24: umejenga gari la bati la milimita 24, kama kifaru cha vita. Bati halisi halifiki hata milimita moja. Modeli nyingi zenye vipande mia tatu, mabomba na nyaya kila kona, bado zinaonekana vidude vya kuchezea kwa sababu hiyo tu. Jicho la mtazamaji halijui tarakimu, lakini unene linaujua.

Kwa hiyo kabla ya kufungua gundi, chukua kipimio cha venia na karatasi, uandike. Waya wa plagi wa milimita 7 unakuwa milimita 0.29. Mkanda wa kiti wa milimita 50 unakuwa 2.1. Bomba la breki la karibu milimita 5 linakuwa 0.2. Mwanya kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari la enzi zile ni milimita 4 au 5, unakuwa 0.2. Bandika karatasi hiyo ukutani juu ya meza. Kila kitu unachotaka kuongeza kipitishe kwanza kwenye karatasi hiyo. Kikiwa kinene mara mbili ya inavyotakiwa, ni heri usikiweke kabisa.

Sasa bodi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Ikikauka, itazame ikiwa imeelekea dirishani: utaona mstari mwembamba ulioinuka, unaopita juu ya madigadi na kwenye nguzo za madirisha. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Uondoe kwa msasa wa namba 600 na maji, kisha 1000. Usitumie 240 kwenye bodi, kwa sababu mikwaruzo yake utaihangaikia hadi siku ya kupiga rangi, na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, haiifuniki bali huionyesha. Penye shimo tia puti kidogo, uiache usiku kucha, kwani puti iliyopigwa msasa mapema huendelea kusinyaa, na baada ya wiki mbili kovu linajitokeza chini ya rangi iliyokwisha kung'aa.

Kazi inayofuata ndiyo watu huiruka. Mistari ya milango, boneti na mlango wa nyuma ichimbwe zaidi kabla ya rangi. Turudi kwenye karatasi ya ukutani: mwanya ni milimita 0.2. Rangi yako ikifikia unene wa 0.1 kila upande, mwanya umezibika wote, na hakuna wino mweusi utakaoufufua. Tumia kichongeo cha mistari au mgongo wa kisu cha wembe, upite mara sita au saba kwa mkono mwepesi, ukivuta, usisukume. Ukibonyeza kwa nguvu mara moja kisu kitahama njia na kuchora mstari wa pili juu ya mlango. Ikitokea hivyo, jaza supaglu na upige msasa ndani ya nusu saa, kwa sababu ikikaa siku nzima huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka na msasa unachimba pembeni.

Kingo zinazoonekana, yaani midomo ya madigadi, chini ya milango na ukingo wa bampa, zikonde kutoka ndani. Pindua bodi, upare kwa kisu kilicholala, ukiangalia taa kupitia plastiki. Mwanga ukianza kupita, simama. Huna haja ya kukondesha bodi nzima. Ni ile milimita mbili ya mwisho tu ambayo jicho huitumia kukisia unene wa kilichobaki. Wanaotaka kufungua boneti wajue kwamba watalazimika kukondesha kingo zake zote nne pamoja na za shimo lake, na kuijenga injini. Kwa anayeanza, boneti iliyofungwa vizuri ni bora kuliko iliyofunguliwa ikaonyesha bati la kifaru.

Kwa atakayeijenga, injini ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja. Kabureta na mkusanyo wa eksozi viko upande mmoja, kushoto ukiwa umekaa kwenye gari. Plagi na distribyuta ziko kulia. Nyaya ni saba: sita za plagi na moja ya koili. Toboa kifuniko cha distribyuta kwa biti ya 0.4 kwenye kidrili cha mkono, utumie waya wa 0.3. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele, na distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Fuata mpangilio huo. Fundi wa magari akiinama kutazama, ndicho kitu cha kwanza atakachokihesabu.

Rangi. Nyekundu ni rangi yenye hila, kwa sababu haifuniki vizuri, na kilicho chini yake ndicho kinachoamua sura yake. Juu ya praima nyeupe inaelekea chungwa, juu ya kijivu inakuwa nzito na kufa, na juu ya waridi hafifu inakolea bila kupoteza uhai. Mimi nashauri waridi. Pia inafunika kwa tabaka chache, na kila tabaka unaloliokoa ni unene uliookolewa. Kwa brashi ya hewa yenye tundu la 0.3, changanya sehemu moja ya laka, rangi inayokauka haraka, na sehemu moja na nusu ya thina, presha ya bar 1 hadi 1.5, umbali wa sentimita 10 hivi. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu. La pili likaribie kufunika. La tatu liwe bichi kiasi cha kung'aa linapotua. Ukiona uso umekuwa kama ganda la chungwa, rangi ni nzito au umekaa mbali mno, inakauka hewani kabla ya kufika. Ikitiririka, umesimama mahali pamoja.

Kwa walioko Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat kuna jambo jingine. Thina ya laka inapoyeyuka haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu mwingi wa hewani hugeuka matone madogo juu yake. Boneti yako nyeusi inakuwa na utando mweupe kama maziwa. Puliza adhuhuri jua likiwa kali badala ya usiku, weka mtego wa maji kwenye bomba la hewa, na utumie thina inayokauka polepole. Utando ukishatokea, mara nyingi tabaka jepesi la thina hiyo ya polepole peke yake huuondoa.

Ili kujua umefika wapi, kata kipande cha plastiki cha ziada, ukipime kwa venia, na ukipulizie kila unapopulizia bodi. Mwishoni pima tena. Tofauti, ukiondoa nusu kama umepaka pande zote mbili, ndiyo unene wako. Ukiwa chini ya milimita 0.1, umefanya kazi nzuri.

Boneti ni nyeusi isiyong'aa, na sababu yake ni jua: mng'ao wa boneti humwumiza dereva macho. Usitumie nyeusi tupu. Kwa udogo huu, nyeusi kabisa inaonekana kama shimo. Tia tone la kijivu au kahawia. Funika nyekundu kwa tepu ya kufunikia ya upana wa milimita 2 ukifuata ukingo wa mstari, kisha puliza kwanza nyekundu kidogo juu ya ukingo wa tepu. Ikivuja, inavuja nyekundu kwenye nyekundu, na nyeusi inayokuja juu yake haina tena pa kupenya.

Dekali za namba, yaani chapa nyembamba za kubandika, zina duara jeupe juu ya nyekundu, na nyeupe ya dekali mara nyingi inapitisha wekundu. Dawa ni kukata duara la dekali nyeupe tupu, dogo kwa nusu milimita, na kuliweka chini. Kata utando wa pembeni karibu na chapa uwezavyo. Kisha klia, yaani rangi angavu ya juu: tabaka mbili za ukungu mkavu kwanza, kila moja ikiachwa dakika ishirini. Ukianza na klia bichi ya laka, dekali itakunjamana mbele ya macho yako. Ikauke wiki, halafu msasa wa 2000 wa maji ili kusawazisha ngazi ya dekali, lakini kwenye pembe na mikunjo ya bodi usiguse, maana hapo rangi ni nyembamba na plastiki iko karibu.

Vioo navyo ni suala la unene. Cha mbele kimepinda, kwa hiyo tumia cha seti, ukisugue kwa msasa wa 3000 na dawa ya kung'arisha. Vya pembeni vitupe. Kata vipya kutoka plastiki angavu ya milimita 0.25. Usivigandishe kwa supaglu, mvuke wake utaviacha na ukungu mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Ndani ya gari, tumia nguvu zako mbele ya kiti cha navigeta. Magari ya rali ya wakati ule yalibeba kipimamasafa cha Halda, kisanduku chenye tarakimu zinazozunguka, na pembeni saa na taa ndogo ya shingo ndefu ya kusomea. Mikanda itengeneze kwa foili ya risasi iliyokatwa milimita 2.1, inapinda na kulala juu ya kiti kama kitambaa kizito, jambo ambalo plastiki haiwezi.

Tumefika kwenye vumbi. Gari lenyewe limehifadhiwa na Nissan kwenye mkusanyo wao wa magari ya kale huko Zama, Japani, na limekarabatiwa. Picha zake za leo ni nzuri kwa vipimo, si kwa uchafu. Chagua saa moja ya mwaka 1971 na uifuate: asubuhi ya kuondoka, au matope ya mwisho.

Wengi huchota mchanga wa nje na kuunyunyiza. Chembe ya nusu milimita kwa kipimo hiki ni kokoto ya milimita 12. Fanya hivi: chukua udongo mwekundu, ukoroge kwenye gilasi ya maji ya kina cha sentimita 10, usubiri dakika tano. Mchanga utatua chini. Mimina maji ya juu yenye uchafu kwenye sahani, yaache yakauke. Poda inayobaki ina chembe za milimita 0.02 au chini, ambazo kwenye gari letu ni sawa na nusu milimita. Hilo ni vumbi. Ipashe moto kwenye kikaango kikavu ili isije ikaota ukungu. Fanya vivyo hivyo na udongo mweusi wa mbuga, uwe na rangi mbili, kwa sababu gari lililovuka nchi tatu halichafuki kwa udongo wa aina moja.

Poda haishiki kwenye klia inayong'aa, kwa hiyo kwanza puliza vanishi isiyong'aa sehemu ya chini tu, ikififia kuelekea juu. Matope yanarushwa na matairi: weka mengi nyuma ya kila gurudumu, kwenye kingo za chini za milango, na mgongoni mwa gari, ambako hewa inayozunguka hurudisha vumbi na kulibandika. Kwenye kioo cha mbele kata umbo la njia ya waipa kwa tepu, ubandike, upulize vumbi, ubandue. Taa ziache safi, zilifutwa. Poda ikilowa inakuwa nyeusi na ikikauka inarudi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Thina ya enameli ya kuigandisha usiimwage kwenye plastiki tupu iliyobanwa, kama mikono ya ekseli: inapenya na kuipasua.

Waipa na antena huwekwa mwisho kabisa, baada ya vumbi, kwa waya wa milimita 0.2, na vichwa vyake huguswa kwa udongo ule ule kwa ncha ya kijiti cha meno.