Jedwali Halibebi Data: Mhadhara kuhusu JTable

Asanteni. Naona kompyuta zimeshafunguliwa, basi niingie moja kwa moja. Leo ni jedwali la kuskroli katika Java, kwa Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha na vitufe, iliyoingizwa rasmi kwenye Java 1.2 mwaka 1998 na ambayo hadi leo inaendesha programu za maofisini.

Chukulieni daftari la mauzo lenye mistari 200,000 na safu 8. Hizo ni seli 1,600,000. Anayeanza hudhani JTable, yaani jedwali la Swing, itaunda lebo 1,600,000, moja kwa kila seli. Ingekuwa hivyo, kompyuta ingezimia. Kimo cha kawaida cha mstari ni pikseli 16, kwa hiyo jedwali zima lina urefu wa pikseli 3,200,000, lakini skrini ya pikseli 1,080 haionyeshi hata mistari 70. JScrollPane, fremu ya kuskrolia, inaonyesha kipande hicho tu, na JTable inaiuliza modeli, yaani kitu kinachobeba data yenyewe: mstari wa 5,000, safu ya 2, kuna nini? Hiyo ndiyo kazi ya getValueAt. Ole wako uende kwenye hifadhidata ndani yake! Mtu akiskroli, inaitwa tena na tena.

Na uchoraji? Lebo moja hutumika kama muhuri: inapewa thamani, inagonga, inahamia seli inayofuata. Hapa wengi huumbuka. Unataka salio lililo chini ya sifuri liwe jekundu. Unaandika if, kisha setBackground(Color.RED), basi. Unaendesha programu: seli ya kwanza yenye deni inakuwa nyekundu, na zote zinazochorwa baada yake nazo nyekundu. Skroli juu, wekundu unapanda na wewe. (Kicheko.) Mnacheka kwa kuwa yameshawakuta. Muhuri bado una wino. Weka else irudishe rangi ya kawaida, na usisahau mstari uliochaguliwa una rangi yake.

Vichwa vya safu vikikosekana, umeliweka jedwali kwenye JPanel (paneli ya kawaida) bila JScrollPane. Safu zikibanana badala ya kuskroli kwa mlalo, zima upanaji wa kujirekebisha kwa kuweka AUTO_RESIZE_OFF. Tuendelee.

Kuna hili ninaloliogopa zaidi, maana halipigi kelele. Mtumiaji kapanga mauzo kwa bei, kachagua mstari wa tatu, kabonyeza Futa. getSelectedRow inakupa 2 (hesabu huanzia 0), yaani nafasi anayoiona yeye kwenye skrini. Modeli haijapangwa upya. Kwa modeli, 2 ni mauzo mengine kabisa. Ukifuta kwa namba hiyo, umefuta risiti ya mteja asiyehusika, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Pitisha kwanza kwenye convertRowIndexToModel, inayoigeuza kuwa nafasi ya modeli. Akichagua mistari mingi, geuza namba zote, zipange, kisha futa kuanzia kubwa kwenda ndogo, kwa sababu kila mstari unapotoka, iliyo chini yake inapanda nafasi moja.