Mwambie Mtengenezaji Kilichokupata

Jamani, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado tunaandika yale yale: "Gemu mbovu, rekebisheni." Nyota moja, basi. Mwezi ujao tunalalamika kwamba wenye gemu hawatusikilizi. Wasikilize nini? Umempelekea fundi pikipiki, umemwambia "imeharibika", ukaondoka na ufunguo mfukoni.

GTA Online mnaijua, ile gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Rockstar. Ilitoka 2013, na kwa miaka mingi wachezaji wa kompyuta walikaa dakika tano, sita, wakingoja ifunguke. Malalamiko yalikuwa hayahesabiki. Kila mtu na ushauri wake: nunua kompyuta mpya, badilisha diski, intaneti yako ndogo. Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejiita t0st akaamua kupima. Akagundua kwamba wakati wa kungoja, diski imetulia, intaneti imetulia, ila sehemu moja tu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inahenyeka kwa dakika nzima nzima. Akafuata hapo hapo. Akakuta faili la megabaiti 10 hivi, orodha ya vitu vinavyouzwa ndani ya gemu, kama 63,000. Programu ilikuwa ikisoma neno moja, inahesabu kwanza herufi zote zilizobaki mpaka mwisho wa faili, ndipo inakwenda kwenye neno linalofuata, na huko inahesabu tena. Kisha kila kitu kabla ya kuingizwa kinalinganishwa na vyote vilivyotangulia, kimoja kimoja, kuhakikisha hakijarudiwa. Na hakuna kilichorudiwa!

Akatengeneza kiraka chake, yaani kipande cha programu cha kuziba tatizo, dakika sita zikawa chini ya mbili. Akaandika kila kitu: mashine anayotumia, alichopima, tatizo lilipo, namna ya kuliondoa. Machi ya mwaka huo huo Rockstar wakakiri, wakatoa sasisho, na wakamlipa dola 10,000. Malalamiko ya miaka hayakufika hapo. Ripoti moja iliyopimwa imefika.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi si mwanaprogramu." Hakuna aliyekutuma ufungue programu ya watu! Hatua ya kwanza ya t0st ilikuwa kushika saa na kutazama kompyuta inafanya nini. Hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Badala ya "gemu inalagi", yaani inachelewa kuitikia, andika: "Natumia simu ya RAM GB 3, niko Morogoro, mtandao wa 4G. Kuanzia saa mbili usiku pingi inapanda kutoka 120 hadi 300, asubuhi inashuka. Ilianza baada ya sasisho la juma lililopita." Sentensi tatu. (Pingi ni muda ambao ujumbe unatumia kwenda kwenye seva, kompyuta ya wenye gemu, na kurudi.) Msomaji wa huko atajua simu ilikuwaje, ataangalia umeunganishwa na seva ipi, atalinganisha na toleo lililopita. Ukimwandikia "inalagi" atafanyaje? Atapita, na ana haki ya kupita.

Mwingine atasema, "Mimi sina hitilafu, nina wazo. Nataka silaha mpya." Sawa, lakini silaha hiyo inatibu nini? Tuseme kila ukifa mapema unakaa dakika kumi ukiwatazama wenzako wanacheza. Hilo ndilo la kuandika, tena kwanza, wazo lako lifuate. Mtengenezaji anaweza kufupisha raundi, anaweza kukurudisha uwanjani, anaweza kufanya jambo ambalo wewe na mimi hatujalifikiria. Ukimpa silaha peke yake akaikataa, shida yako imezikwa nayo. Hapa ndipo tunapopoteza mapendekezo mazuri kila siku, na inaniuma.

Na tafuta kwanza kama mwenzako ameshaliandika! Mojang, wenye Minecraft, wana mahali pa hitilafu na mahali pa mawazo, mbali mbali. Likishaandikwa, lipigie kura pale pale, usifungue jingine.

Muda unanikimbia. Nilitaka kusema kirefu juu ya gemu ya Old School RuneScape, ambako mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji ndani ya gemu. Zamani yalihitaji asilimia 75 ya kura, tangu 2022 ni 70. Mwaka 2019 ustadi mpya wa Warding ulikosa kura za kutosha, wakauacha. Na gemu ya EVE Online ya Iceland ina baraza la wachezaji wanaochaguliwa tangu 2008. Hayo siku nyingine. Masharti pia yasomeni, maana gemu nyingi husema wazo ukishalituma wanaweza kulitumia bila kukulipa.

Sasa toeni simu, tuandike moja hapa hapa. Wewe kaka wa nyuma uliyesema gemu yako inaganda: simu gani, toleo lipi, na ulikuwa umebonyeza nini?